Ngome, Hema na Kayaki: Kabla Hujalipia Safari ya Iringa na Mbeya

Likizo za shule za Juni na Desemba zinapokaribia, simu za mkononi hujaa matangazo ya safari za ndani ya nchi. Katika Nyanda za Juu Kusini, mojawapo ya matangazo yanayovutia zaidi huahidi mambo matatu kwa bei moja: kuiona ngome ya Mtwa Mkwawa, kulala hemani porini, na kupiga kafi ndani ya kayaki huku viboko na ndege wa majini wakitazamwa kwa karibu. Siku nne, picha tano, namba moja ya simu.

Safari ya namna hiyo inawezekana. Mikoa ya Iringa na Mbeya ina kila kimoja kati ya hivyo vitatu, nasi tungependa wananchi wengi zaidi waione nchi yao kuliko wanavyoiona sasa. Hata hivyo, neno moja "safari" katika tangazo hilo limefunika huduma sita au saba zinazotolewa na watu mbalimbali: mwenye gari, wasimamizi wa makumbusho, mamlaka ya hifadhi, mwenye eneo la kambi, mpishi, na mwenye kayaki. Aliyeweka tangazo huenda hana hata moja kati ya huduma hizo mkononi mwake. Yeye huzinunua kwa wengine na kuziunganisha. Migogoro ya safari huzaliwa hasa kwenye viungo hivyo, pale mtoa huduma mmoja anapomkabidhi msafiri kwa mwingine.

Tuchukulie mfano. Familia ya watu watano wa Mbeya mjini inaambiwa kwamba gharama ni shilingi 450,000 kwa kila mtu, na nusu yake ilipwe kwanza. Baba wa familia anatuma shilingi 1,125,000 kwa simu, kwenye namba yenye jina la mtu binafsi. Siku ya safari gari lililotakiwa kufika saa kumi na mbili asubuhi linafika saa nne. Kalenga wanaambiwa kuwa kiingilio hakimo katika bei, na langoni mwa hifadhi wanaambiwa hivyo hivyo. Usiku wanakuta mahema mawili, kila moja la watu wawili. Siku ya mwisho, ufukweni Matema, mwenye kayaki anautazama mwambao, anasema upepo ni mkali na kwamba hapeleki mtu majini. Mwandalizi wa safari anajibu kwamba upepo ni kazi ya Mungu, kwa hiyo harudishi hata senti.

Katika mkasa huu wote, mwenye kayaki ndiye pekee aliyefanya kazi yake sawasawa. Familia, kwa hasira, inamlaumu yeye, kwa kuwa ndiye aliyesimama mbele yao wakati huo. Wengine waliokosa wako mbali, na hakuna karatasi inayoonyesha nani alikuwa ameahidi nini.

Umbali kwanza

Kabla ya jambo lolote lingine, chukua ramani na ujumlishe kilomita. Kutoka Mbeya hadi Iringa kwa barabara kuu ya TANZAM ni zaidi ya kilomita 300. Kutoka Iringa mjini hadi Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ni karibu kilomita 130. Kutoka Mbeya hadi Matema, kupitia Uyole, Tukuyu na Ipinda, ni zaidi ya kilomita 100 nyingine. Anayeanzia Mbeya, akaenda Iringa na Ruaha, akarudi na kushuka Matema, kisha akarejea nyumbani, atakuwa amesafiri zaidi ya kilomita 1,000. Katika siku nne maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mchana itakwisha garini, na kwamba dereva atashawishika kusafiri usiku ili kufidia muda.

Hatusemi safari hiyo ni ya uongo. Tunasema mwandalizi mkweli atakupa ratiba yenye saa za kuondoka na kufika, na atakushauri ama uongeze siku, ama uchague: Iringa na Ruaha kwa safari moja, Tukuyu na Ziwa Nyasa kwa nyingine. Mwandalizi asiyeweza kukuambia utalala wapi usiku wa pili bado hajaipanga safari anayokuuzia.

Uliza pia kuhusu gari. Gari la mtu binafsi likitumika kubeba abiria kwa malipo, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa fidia ajali ikitokea, kwa sababu bima yake haikukatwa kwa matumizi hayo. Kuomba kuonyeshwa stika ya bima na leseni ya usafirishaji si utovu wa adabu.

Ngome inayoahidiwa na ngome itakayoonekana

Kalenga, kijiji kilichoko kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini katika njia ya kwenda Ruaha, ndiko yalikokuwa makao ya Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi yake yalikishinda kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski huko Lugalo. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa aliponyoka, akaendeleza vita vya msituni hadi mwaka 1898, alipojiua ili asikamatwe akiwa hai. Fuvu la kichwa chake, ambalo lilitajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lilirejeshwa mwaka 1954, na limehifadhiwa katika makumbusho ndogo iliyopo hapo Kalenga.

Tumeisimulia historia hii kwa sababu inamhusu mlaji. Ngome iliyopigwa mizinga na kutekwa haibaki imesimama. Anayekwenda Kalenga leo huona makumbusho, makaburi ya warithi wa Mkwawa, na mabaki ya ukuta uliokuwa ukiizunguka ngome. Haoni minara wala malango. Kwa maoni yetu yanatosha kabisa, kwani mwongoza wageni anayeijua habari yake vizuri huifanya saa moja pale iwe na thamani kuliko kuta nyingi ndefu. Lakini tangazo linaloonyesha kuta za mawe zenye matundu ya mizinga juu ya bahari huenda limeazima picha ya Ngome Kongwe ya Unguja au Ngome ya Yesu ya Mombasa. Picha ya mahali pengine ni maelezo ya uongo kuhusu huduma, sawa na kuandika maneno ya uongo, na Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kwa namna hiyo.

Kuna mkanganyiko mwingine usio na nia mbaya. Neno "boma" katika Iringa mjini humaanisha jengo la enzi za Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Tangazo likisema "ngome ya Wajerumani" au "boma la kihistoria", huenda linakusudia jengo hilo, wala si Kalenga. Aidha, wapo wanaochanganya ngome na Isimila, eneo la Zama za Mawe lililo kando ya barabara ya Mbeya, lenye zana za mawe za kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Yote matatu yanastahili kutembelewa. Kila moja lina kiingilio chake, hivyo taka jina la kila mahali liandikwe, na mbele ya jina hilo iandikwe kama kiingilio kimo ndani ya bei au la. Kama unataka kupiga picha ndani ya makumbusho ya Kalenga, omba ruhusa kwanza. Mle kuna mabaki ya mwanadamu, na ukoo wake upo.

Hifadhi na kambi

Ruaha ilianzishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, ikapanuliwa mwaka 2008 kwa kuingiziwa eneo la Usangu. Viwango vya kuingia hutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkazi na mgeni asiye mkazi, na gari nalo hulipiwa. Familia yenye shemeji au rafiki kutoka nje ya Afrika Mashariki ishangae mapema, nyumbani, kuliko kushangaa langoni. Beba vitambulisho vya kila mmoja, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa kuwa umri na uraia ndivyo vinavyoamua kiwango.

Malipo ya Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba. Hii ni faida kubwa kwa msafiri. Mwandalizi akidai kuwa ameshalipia hifadhi, mwombe akuonyeshe namba hiyo pamoja na risiti yake, kisha angalia idadi ya watu na tarehe zilizolipiwa. Mtu aliyelipa hatahitaji muda kuitafuta.

Kuhusu kulala, neno "kambi" lina maana zaidi ya moja katika hifadhi zetu. Kambi za umma hutumiwa na wote wanaofika, na kwa kawaida huwa na vyoo, maji na mahali pa kupikia. Kambi maalumu hutengwa kwa kundi moja lililokwisha kuagiza, lakini mara nyingi hazina huduma yoyote: maji, kuni na choo huja na msafiri. Kambi maalumu ni ghali zaidi ingawa ina huduma pungufu, na wengi huhisi wamelaghaiwa wanapofika na kukuta uwanja mtupu. Hawakulaghaiwa, ila hawakuelezwa. Uliza ni kambi ya aina gani, nani analeta mahema, kila hema ni la watu wangapi, na kama magodoro na mifuko ya kulalia imo.

Kumbuka pia baridi. Iringa na Mbeya ziko juu sana, na usiku wa Juni na Julai hemani huhitaji blanketi zito. Matema iko chini, kwenye mwambao wa ziwa lililo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Huko joto na mbu ndivyo vitakavyokukosesha usingizi, na malaria ipo. Safari moja, kwa hiyo, inataka sweta na chandarua katika begi moja. Mwandalizi asiyekuambia hivyo pengine hajawahi kulala huko.

Kayaki, mto na ziwa

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji asome polepole. Kasoro ya gari au ya hema hulipwa kwa fedha. Kasoro ya majini haina fidia ya kutosha.

Swali la kwanza ni hili: kayaki hiyo itaelea katika maji gani? Mto Ruaha Mkuu ndio uhai wa hifadhi, lakini tangu mwaka 1993 umekuwa ukiacha kutiririka katika sehemu za hifadhi karibu kila kiangazi, kwa sababu maji mengi hutumika juu yake katika bonde la Usangu. Yanayobaki ni madimbwi ambamo viboko na mamba hubanana. Tangazo linaloahidi kayaki ndani ya Ruaha mwezi Oktoba, basi, linaahidi mto ambao huenda haupo, au dimbwi ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angeingiza chombo chepesi ndani yake. Usilipe kabla ya kupata uthibitisho wa mamlaka ya hifadhi yenyewe kuwa shughuli hiyo inaruhusiwa, mahali gani, na chini ya usimamizi wa nani. Katika maziwa ya Momela, Hifadhi ya Arusha, ambako utalii wa mitumbwi umezoeleka, wageni hufuatana na askari wa wanyamapori mwenye silaha. Huo ndio utaratibu wa kuufanya kipimo.

Ziwa Nyasa, upande wa Matema wilayani Kyela, ndiko mahali panapofaa zaidi. Milima ya Livingstone inashuka hadi majini, maji ni maangavu penye mawe, na samaki wadogo wa rangi waitwao mbuna huonekana bila kifaa chochote. Furukombe hulia juu ya miti. Kando ya ziwa kuna Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa Kikisi, ambacho wageni wengi hukifikia kwa mtumbwi. Yeyote anayetaka kuona viumbe wa ziwa kutoka kwenye kayaki hana haja ya kutafuta kiboko.

Lakini wapo wanaouza kiboko, na humwahidi mteja kwamba atamwona "kwa karibu". Ahadi hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi. Midomo ya mito inayoingia ziwani ndiyo makazi ya viboko na mamba. Kiboko akishtuka hukimbilia kwenye kina, na chombo kilichosimama kati yake na kina hicho ndicho kinachogongwa. Mamba hapigi kelele wala haonyeshi dalili. Kiongozi anayejua kazi yake hukaa mbali, hutangulia mwenyewe, huwaweka wageni pamoja, hawapeleki alfajiri wala jioni kwenye njia za viboko, na hugeuza safari yote anapoona jambo asilolipenda. Mwulize kabla: "Tukimwona kiboko, utafanya nini?" Akijibu kwamba atawasogeza ili mpige picha, shukuru kwa muda wake na uondoke.

Upepo ni jambo la pili. Ziwa Nyasa ni refu, zaidi ya kilomita 500 kutoka kaskazini hadi kusini, na upepo wa kusi unaovuma hasa kati ya Mei na Agosti hupata nafasi ndefu ya kuinua mawimbi kabla ya kufika Matema. Mwaka 1946, mwezi Julai, meli ya Vipya ilizama katika ziwa hili pamoja na watu zaidi ya 140. Ikiwa meli ilishindwa, kayaki haina haja ya kujaribu. Asubuhi huwa tulivu kuliko alasiri, kwa hiyo ratiba inayoweka kayaki saa tisa mchana baada ya safari ndefu ya gari imepangwa kwa urahisi wa dereva, si kwa usalama wa abiria. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husomwa bure.

Jambo la tatu ni jaketi okozi. Lazima liwepo moja kwa kila mtu, la ukubwa wake. Mtoto kuvishwa jaketi la mtu mzima ni sawa na kutovishwa. Mvishe, funga kamba zote, kisha mwinue taratibu kwa kushika mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, litamtoka majini. Fanya jaribio hilo ufukweni mbele ya mwenye kayaki, wala usione haya. Uliza pia kama kiongozi amefunzwa uokoaji na huduma ya kwanza, kama kuna boti la kusaidia, na kama kuna simu ndani ya mfuko usioingiza maji. Mueleze ukweli kama hujui kuogelea. Iwapo mtapelekwa Ikombe au kwingineko kwa boti la injini lenye kubeba abiria, hilo ni chombo kinachopaswa kusajiliwa na kukaguliwa. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ndilo lenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini.

Waandalizi wengine humpa mgeni karatasi ya kusaini kwamba anaingia majini kwa hatari yake mwenyewe. Isome. Karatasi hiyo inaweza kukukumbusha kwamba maji yana hatari, lakini haigeuzi jaketi bovu kuwa zima, wala hupaswi kuichukulia kuwa ruhusa ya kukuhudumia kizembe. Ukiombwa kuisaini ukiwa tayari umekaa ndani ya kayaki, toka kwanza.

Na kichocho. Ugonjwa huu upo katika Ziwa Nyasa, na hupatikana kwa ngozi kugusa maji yenye vimelea, hasa penye kina kifupi chenye majani na konokono. Dawa yake ipo na inatibu. Majuma machache baada ya safari ukipata homa, kuwashwa ngozi au damu katika mkojo, mwambie daktari kwamba ulikuwa ziwani. Asipojua hilo atatafuta ugonjwa mwingine.

Karatasi moja kabla ya malipo

Kwa mujibu wa sheria zetu, makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Tatizo la mdomo ni ushahidi. Ujumbe wa simu na barua pepe hutambuliwa pia, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Hivyo kama mwandalizi hana mkataba uliochapwa, andika mwenyewe ujumbe mmoja mrefu: tarehe, sehemu zote zitakazotembelewa kwa majina, usafiri, milo mingapi kwa siku, mahema mangapi, viingilio vilivyomo na visivyomo, jina la mwenye kayaki na saa ya kuingia majini. Mtumie, mwombe ajibu "nimekubali", na uuhifadhi.

Katika ujumbe huo weka mstari kuhusu upepo. Mkubaliane kabla kwamba hali ya hewa ikizuia kayaki, mtahamishia kesho yake, au mtapewa shughuli nyingine inayotajwa kwa jina, au mtarejeshewa sehemu ya kayaki katika bei. Ili hilo liwezekane, bei ya kayaki lazima ijulikane peke yake. Bei moja ya jumla isiyogawanywa humnufaisha mwandalizi, kwa sababu huduma ikikosekana hakuna anayejua thamani yake. Tunashauri mlaji adai mgawanyo hata kama anaonekana msumbufu. Pia mkubaliane juu ya kughairi: ukijiondoa wiki tatu kabla utarejeshewa kiasi gani, ukijiondoa siku mbili kabla utarejeshewa kiasi gani. Ni haki mwandalizi abakize gharama alizokwisha kulipa. Si haki abakize zote bila kuonyesha hata risiti moja.

Anayefanya biashara ya kusafirisha watalii anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ile ijulikanayo kama TALA. Omba nakala na ulinganishe jina lililomo na jina la akaunti unayotakiwa kulipia. Yasipolingana, usilipe hadi ueleweshwe. Lipa kwa akaunti ya benki au Lipa Namba ya kampuni, wala si kwa namba ya mtu binafsi, na udai risiti ya EFD kwa kila malipo, pamoja na yale ya awali. Kila Mtanzania anaufahamu ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Siku hizi hufika hata kwa msafiri aliyekwisha kuagiza safari, ukidai kwamba namba ya kampuni ina tatizo. Piga ile namba uliyoijua mwanzo na uulize. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuripotiwa kwa kuutuma kwenda 15040.

Mambo yakiharibika

Lalamika papo hapo, kwa upole, na kwa maandishi. Piga picha ya hema, ya jaketi lililochanika, ya risiti uliyolipa langoni ambayo haikupaswa kuwa yako. Mpe mwandalizi nafasi ya kurekebisha safari ikiwa inaendelea, wengi hurekebisha. Usikubali kuingia majini kwa sababu tu ulikwisha lipa, na usiwaruhusu wenzako wamshurutishe kiongozi aliyekataa.

Mkirudi, mwandikie mwandalizi barua au ujumbe ukitaja kila ahadi, kilichotokea na kiasi unachodai, na umpe siku za kujibu. Asipojibu, peleka nakala kwa afisa biashara wa halmashauri na kwa Tume ya Ushindani, ambayo sheria ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu, yakiwemo matangazo ya chambo na kupokea malipo bila nia ya kutoa huduma. Suala la leseni ya utalii lipelekwe wizara yenye dhamana ya maliasili na utalii. Aliyepokea fedha na kuzima simu ni wa polisi. Mdai anayetaka fidia tu, bila adhabu kwa mtu, anaweza kwenda mahakamani akiwa na ujumbe wake na risiti zake.

Familia ya mfano wetu ingeweza kudai viingilio viwili, kama vilitajwa kuwamo. Ingeweza kudai gharama ya hema la tatu na saa nne zilizopotea asubuhi ya kwanza, ingawa hizo ni ngumu kuzipa bei. Fedha za kayaki zingetegemea kama mstari wa upepo uliandikwa. Mwenye kayaki hadaiwi kitu, na kama watarudi Matema mwezi wenye utulivu, huyo ndiye wa kumtafuta.